Moto Ambao Sikuomba

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifika na viatu vya kuazima. Vilikuwa vya shemeji yangu, mutu wa miguu mikubwa, na nilikuwa nimejaza magazeti kwenye vidole ili visinivuke njiani. Nyumba ya wageni ilikuwa ukingoni mwa ziwa, kati ya Nchelenge na Kashikishi, na nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja chenye meza, mahema yaliyokunjwa na kamba nyingi ukutani. Mule ndani alikaa mutu tuliyemuita Shefu wa Safari. Alikuwa Muzambia wa palepale, lakini alikulia Lubumbashi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Weye ni nani?"

"Ilunga, Shefu. Pasteri amenituma, kwa kazi ya kubeba mizigo."

"Unatoka ngambo?"

"Ndiyo, Shefu. Upande wa Pweto. Sasa tuko ku kambi ya wakimbizi, mimi na bibi niliyemuoa."

"Bon. Vua hivyo viatu. Mutu mwenye viatu vya mwenzake anawaza miguu, hawazi njia. Utapanda peku mpaka upate vyako."

Nikapanda peku. Siku tatu, na gunia la unga mugongoni.

Vijana wanaofanya kazi pale leo wameniomba niandike namna sisi wa zamani tulivyopanga safari za mulimani za kiangazi, na namna tulivyopata mahali pa kulala bila malipo. Wanataka mambo ya kazi tu: vifaa, masaa, mayi ya kunywa. Nitawapa yote. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja ambalo nililificha miaka mingi, na hapa sitaliruka, hata kama mukono unakuwa mzito. Nilimuharibia mutu jina lake, mbele ya watu wake mwenyewe. Mutu huyo ni Chanda, Ba Chanda kwa heshima, kiongozi wetu wa njia.

Basi tuanze na mulima. Sisi tuliuita Lupili tu, maana Wabemba wanauita mulima wowote hivyo. Unatoka Nchelenge kwa gari mpaka karibu na Mununga, unaacha ziwa na harufu ya samaki nyuma yako, halafu unatembea kuelekea kule ambako nchi inainuka. Si mulima wa theluji. Lakini una mwamba wa kushika kwa mikono, una njia inayokatisha pumzi, na ukifika juu unaona ziwa lote, kisiwa cha Kilwa katikati, na ngambo kabisa, siku yenye hewa safi, milima ya kwetu Kongo. Mara ya kwanza nilipoona kwetu kutoka pale, nilikaa chini nikalia, na wabeba mizigo wenzangu wakanicheka mpaka jioni.

Wageni walikuja zaidi mwezi wa saba na wa nane. Wazungu ndiyo konje yao, likizo, na kwao ni majira ya joto. Hapo kuna mutego, na ninawaomba mukumbuke vizuri: joto lao ni baridi yetu. Miezi ile mvua hakuna, njia ni kavu, ni wakati mzuri wa kupanda, lakini jua likianza kushuka upepo wa kule juu unauma masikio. Mugeni anayesikia "joto" anakuja na shuka nyembamba kama ya hoteli. Kazi ya mupangaji ni kumuambia mapema.

Nilibeba mizigo misimu mitatu, kisha nikawa mupishi. Mupishi wa safari anajifunza kufunga muzigo kinyume: kile utakachohitaji kwanza unakifunga mwisho, ili kikae juu. Anajifunza pia kupika bukari, ugali wetu, kwa kuni kidogo, na maharage kuyapika nyumbani kabla ya safari, kwa sababu maharage mabichi kule juu yanakula kuni za siku nzima. Shefu aliponiona nina akili ya kukumbuka vitu, akanipa kaye, daftari la safari. Kaye ile ilikuwa na maswali manne kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake:

Mayi iko wapi? Mutu wa nyuma anafika saa ngapi? Tunalala wapi? Na pale tunapolala, mwenyewe ni nani?

"Mutu wa nyuma," alinieleza, "ni yule mama munene, ni yule muzee wa magoti mabaya. Masaa ya safari ni yake. Usiandike masaa ya miguu yako, weye kijana, utaniulia bageni."

Na kila mwaka, kabla ya mugeni wa kwanza kufika, alitutuma kufungua njia. Kufungua njia ni kupanda wewe mwenyewe bila mugeni, uone kama chemchemi ingali inatoa mayi, kama jiwe limeanguka, kama mwenye ardhi ni yuleyule. Kaye ya mwaka jana alikuwa anaifunga kwa kamba na kuitupa juu ya kabati. "Hii imeisha kufa," alisema.

Sasa mahali pa kulala. Chini kidogo ya kile kichwa cha mulima kuna uwanda mudogo wa nyasi, wenye mawe makubwa yanayokinga upepo kwa upande mumoja. Hapo ndipo kambi yetu ya bure. Ni bure kabisa, hakuna mutu aliyewahi kutudai hata kwacha moja. Lakini ardhi ni ya kijiji kilicho chini, na kijiji kina mukubwa wake, ambaye Wabemba wanamuita Mwine Mushi. Na kijiji kile kina desturi yake: ukitaka kulala kwenye uwanda ule, unakwenda kumuomba Mwine Mushi moto.

Ni moto kweli, kaa la moto. Kiongozi wa wageni anapiga magoti mulangoni, anapiga makofi polepole, anasema ni watu wangapi na wametoka wapi. Mwine Mushi anamuita bibi yake, na bibi anatoa kaa kwenye jiko lao wenyewe, analiweka ndani ya kigae cha chungu na majivu juu yake. Kiongozi analibeba mpaka juu, na kwa kaa lile mutawasha moto wa kambi. Kibiriti unaweza kuwa nacho mufukoni, washa taa, washa sigara, hakuna neno. Lakini moto wa kukaa pale unaombwa. Aliyelala kando ya moto ule ni mutu wa nyumba ya Mwine Mushi mpaka ashuke. Akivunjika muguu, wanapanda kumubeba. Moto ukitoroka, kijiji kizima kinakuja na matawi kuupiga.

Mimi mwana wa kanisa, niliposikia hayo mara ya kwanza nilikunja pua. Nikamuambia Ba Chanda, "Hii si mambo ya mizimu?"

Ba Chanda alikuwa mwembamba, mwenye miguu ya mbuzi, mwana wa kijiji kile kile. Mwine Mushi alikuwa mujomba wake, kaka ya mama yake. Kiswahili alikipata kwa wafanyabiashara wa samaki wa Mununga, kwa hiyo alikisema haraka haraka kama mutu anayepatana bei. Alicheka sana.

"Mizimu gani, Ba Kaye? Ni namna ya kujua nani iko kule juu! Weye ungeacha mutu analala ku shamba yako bila kusema hodi?"

Ba Kaye ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya kaye yangu isiyotoka mukononi. Alinitania kila siku. Nikiteleza aliniambia, "Andika, Ba Kaye, andika hapa kuna jiwe." Lakini ndiye aliyenionyesha chemchemi zote, na namna ya kujua kwa majani kama mayi iko karibu. Bibi yangu alipojifungua mutoto wetu wa pili, Ba Chanda alitembea kutoka kijijini kwake na chupa ya asali, akaiweka mulangoni, akarudi bila hata kunywa mayi. Huyo alikuwa rafiki yangu.

Shefu alipozeeka akastaafu, na Direktere wa nyumba ya wageni akanipa kiti chake. Mimi, mukimbizi, Shefu wa Safari! Nilinunua viatu vipya siku hiyo hiyo. Lazima niwaeleze kitu kimoja cha maisha yetu: mukimbizi haruhusiwi kukaa na kufanya kazi popote anapotaka. Mimi niliishi Nchelenge kwa karatasi ya ruhusa, na karatasi ile ilihitaji barua ya Direktere kila mwaka. Siku Direktere atakapokataa kuandika, mimi, bibi na watoto tunarudi kambini. Kila nilipomuona nilikuwa naona barua ile kwanza, halafu ndipo nilimuona yeye.

Mwaka wa kwanza wa ushefu nilifungua njia mwenyewe. Mwaka wa pili nikatuma mutu. Mwaka wa tatu nikafungua kabati, nikashusha kaye ya mwaka jana, nikakopia. Naona haya hata kuliandika.

Mwaka huo wa tatu walikuja wageni wanane kutoka ngambo ya bahari. Mumoja aliandika kabla, akauliza kama kutakuwa na baridi. Nikamujibu kwa maneno ya karatasi yetu ya matangazo: ni safari ya majira ya joto, njooni na nguo nyepesi. Nilijibu hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka, na karatasi ilikuwa pale mezani. Masaa nayo niliyaandika kwa miguu yangu. Tulichelewa kutoka Mununga kwa ajili ya magari ya samaki yaliyoziba njia, tukapanda polepole nyuma ya mama mumoja wa miaka mingi, na tulipofika kwenye uwanda jua lilikuwa limeanza kuinama na upepo unatoka ziwani kwa nguvu. Wageni wakatoa shuka zao. Ee Mungu wangu, shuka! Yule mama alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Ba Chanda akatua muzigo, akachukua kigae chake.

"Ninashuka kuomba moto," akasema. "Ningeenda asubuhi, lakini ulisema tutafika mapema."

Kushuka kijijini na kurudi ni zaidi ya saa mbili. Nilimutazama yule mama. Niliwaza Direktere akisoma barua ya malalamiko. Na mudomo wangu ukafunguka.

"Acha tu, Ba Chanda. Juzi nilipita kwa Mwine Mushi. Nimeisha kumuambia. Amesema tuwashe tu."

Akanitazama. "Yama amesema vile? Yeye mwenyewe?" Yama ndivyo wanavyomuita mujomba.

"Yeye mwenyewe."

"Bon." Akaweka kigae chini, taratibu, juu ya jiwe. Hakuuliza tena, kwa sababu mimi nilikuwa Shefu na rafiki, na hakuwa amezoea kudanganywa na mimi.

Nikatoa kibiriti. Kabla ya kuwasha, mupishi yeyote anajua, unapalilia duara: unakwangua nyasi zote kuzunguka moto, hatua tatu kila upande, mpaka uone udongo mutupu. Nilikwangua hatua moja. Wageni walikuwa wananisimamia na mikono kwapani.

Upepo uliinua jani moja linalowaka, ukaliweka ngambo ya duara langu. Tulipiga kwa matawi, wageni wakapiga kwa shuka zao, na Ba Chanda akaingia kwa mikono kuvuta nyasi mbele ya moto. Moto ulishuka mulima. Na kwenye mutelemko ule, wanawake wa kijiji walikuwa wamekata nyasi za kuezeka nyumba, wamezifunga mafungu mafungu, zinangoja kubebwa. Ningalifungua njia mwaka ule, ningaliyaona.

Kule chini waliuona moshi. Walitueleza baadaye: walihesabu nani amekuja kuomba moto, wakakuta hakuna mutu. Wakasema basi ni wawindaji wanachoma pori, utazimika wenyewe. Walipoelewa ni upande wa nyasi zao wakapanda mbio, na jua lilikuwa bado liko, niliwaona wote vizuri wakikimbia na matawi, wanawake mbele. Walikuta majivu. Nyasi za kijiji kizima, za mwaka mzima. Hakuna mutu aliyeumia isipokuwa Ba Chanda, viganja vyote viwili.

Asubuhi tuliketi mbele ya Mwine Mushi. Watu wote walikuwa pale. Ba Chanda aliketi upande wangu, mikono imefungwa kitambaa. Mwine Mushi hakupaza sauti. Aliuliza kwa Kibemba, "Nani aliwasha?"

"Mimi, mukwai," nikajibu kwa neno lao la heshima.

"Na nani alikuja kuomba?"

Vijana, nimerudia pale mara nyingi kuliko nilivyopanda mulima. Nilikuwa nimeisha kupiga hesabu. Nilijiambia: mimi ni mugeni, mukimbizi, wakijua ni mimi niliyezuia moto usiombwe, habari itafika kwa Direktere, barua hakuna, watoto wangu kambini. Ba Chanda ni mwana wa hapa, mwana wa dada yao. Watamufokea kidogo, wiki ijayo watasahau. Ndivyo nilivyowaza, mimi Mukongomani mwenye akili, niliyekaa kati yao miaka yote ile bila kuwaelewa.

Nikasema, "Nilimutuma kiongozi wangu, mukwai. Nilidhani alikuja."

Ba Chanda akageuza kichwa, akanitazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mutu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Mwine Mushi akamuuliza, "Ni hivyo?"

Ba Chanda alijua habari ya barua yangu. Watoto wangu aliwajua kwa majina. Akasema, "Kama Ba Kaye amesema vile, ndiyo vile."

Kisha Mwine Mushi akasema maneno ambayo sikuyatarajia. Kwangu alisema, "Weye ni mugeni, hukujua uzito wake. Pole kwa wageni wako." Na kwa mwana wa dada yake akasema, "Weye ulijua. Ulikunywa maziwa ya mama yako kando ya jiko hili. Kuanzia leo hakuna mutu wa nyumba hii atakayekupa moto mukononi."

Kosa la mugeni linasameheka. La mwenyeji ndilo halisameheki, kwa sababu anajua. Mimi nilifanya hesabu yangu kinyume. Na kiongozi asiyepewa moto hawezi kupeleka mutu mulimani tena, kwa hiyo siku ile Ba Chanda alipoteza kazi, kijiji na jina kwa sentensi yangu moja.

Bibi wa Mwine Mushi akaniletea bukari na samaki, kwa sababu mugeni hapaswi kuondoka na njaa. Nilikula. Tena nilikula nikamaliza.

Direktere alisoma ripoti yangu akanishika mukono. "Ilunga, umeokoa wageni wetu. Kiongozi mujinga kama yule angetuangamiza." Nikasema, "Asante, Direktere." Barua ikaandikwa.

Ba Chanda alivuka kwenda kisiwa cha Kilwa kushona nyavu za watu. Yeye, aliyekuwa anaogopa mayi! Mara moja tu nilikuwa nimepanda mutumbwi naye, alishika kingo zote mbili mpaka tukafika. Miaka kadhaa baadaye nilimuona sokoni Kashikishi akishusha magunia ya samaki wakavu. Aliniona yeye kwanza. "Ba Kaye, mwapoleni!" akaita, akinisalimu kwa Kibemba. Nikaweka simu sikioni, nikajifanya ninazungumza na mutu, nikapita. Simu ile haikuwa na hata chaji.

Nilifanya kazi misimu mingi baada ya hapo. Nilifundisha viongozi wengine, nilipanga safari nzuri, na kila mwaka nilifungua njia mwenyewe mpaka magoti yakakataa. Kila mwaka niliomba moto kwa Mwine Mushi, nikiwa nimepiga magoti, na kila mwaka alinipa. Siku ya kustaafu Direktere mupya alinipa saa ya ukutani, akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba Muzee Ilunga hajaharibu jina la mutu hata siku moja. Watu wakapiga makofi. Bibi yangu akanitazama mimi, maana yeye anajua. Nilimuambia mwaka ule ule wa moto. Njiani kurudi alisema neno moja tu: "Huoni haya?" Saa ile iko ndani ya sanduku, sijaitundika.

Sasa nalima mihogo. Mwaka huu, kabla ya kiangazi, vijana watatu wa biro, ofisi yetu ya zamani, walikuja nyumbani, wakanionyesha simu. Kwenye picha ya mulima wetu kulikuwa na alama ndogo ya hema, palepale kwenye uwanda. "Tazama, Baba," akasema binti mumoja, "hapa banaandika ni bure. Utatupeleka? Mara moja tu, utuonyeshe." Nikauliza kama simu inaandika mwenyewe ni nani. Wakacheka, wakafikiri ninatania.

Niliwaambia wanipe siku chache. Nikaenda kijijini peke yangu. Mwine Mushi wa zamani alikuwa amekufa, na kiti kimekaliwa na mwana mwingine wa dada yake, mwanamuke, mudogo wake Ba Chanda tumbo moja. Nilipiga magoti, nikamuambia yote, tangu kaye niliyokopia mpaka simu ya sokoni. Alinisikiliza bila kunikata. Mwisho akasema, "Haya maneno usiniambie mimi peke yangu. Yama alimuhukumu mbele ya watu. Weye pia utasema mbele ya watu, na mukubwa wangu akiwepo. Nenda kamulete."

Nikavuka mpaka Kilwa. Nilimukuta ameketi na wavu magotini, nywele nyeupe, viganja vina makovu yanayong'aa. Nilimuambia dada yake amenituma, nikaanza kusema, akainua mukono.

"Hapa hapana. Dada amekutuma, utasema kule." Akakunja wavu. Ndani ya mutumbwi alishika kingo zote mbili mpaka nchi kavu.

Nilisema, nimesimama, watu wote wakiwa pale. Vijana watatu wa biro pia nilikuwa nimewaita wasikie. Nilisema kwa Kibemba ili mutoto yeyote aelewe: sikumutuma. Nilimudanganya. Nilidanganya na hapa. Nilipomaliza, mama muzee mumoja akainuka kwa fimbo. Alikuwa mumoja wa wale waliokata nyasi.

"Mwaka ule mvua ilitunyeshea ndani, mimi na wajukuu," akasema. "Kila usingizi ulipokatika, nilimulaani Chanda. Kwa jina lake." Akamugeukia Ba Chanda. "Nilikulaani bure, mwanangu." Akaanza kulia, na Ba Chanda akamushika mukono akamuketisha. Mimi sikujua niweke macho wapi.

Mwine Mushi akaingia ndani mwenyewe. Akatoka na kigae chenye kaa na majivu, akapiga goti, akamupa kaka yake mbele ya wote. Wanawake wakapiga vigelegele. Ba Chanda alikipokea kwa mikono miwili, na jina lake likarudi, mutu muzima mwenye nywele nyeupe amesimama na kaa la moto mukononi. Kisha akawaita wale vijana wangu. "Haya, twende. Mutanifuata."

Nikamupita mbele, nikapiga magoti njiani. Nikapiga makofi polepole, kama inavyotakiwa.

"Ba Chanda, mukwai. Nakuomba moto."

Akanitazama kwa muda, vilevile kama alivyonitazama siku ile.

"Ba Kaye," akasema, "weye si uko na kibiriti?"

Hakuna aliyecheka. Akanizunguka, akapanda, na vijana nyuma yake.

Nilipanda pia. Safari hii mutu wa nyuma nilikuwa mimi, na masaa yakawa yangu. Nilipofika uwandani jua lilikuwa bado liko juu, duara limepaliliwa hatua tatu kila upande, na moto unawaka vizuri. Chemchemi ina mayi, andikeni. Chukueni mablanketi mazito, andikeni. Na lile swali la nne la kaye, la mwenyewe ni nani, lijibuni kabla ya yale matatu.

Binti yule akaniita, "Baba, sogea, utashikwa na baridi." Nikamutazama Ba Chanda. Alikuwa anasukuma kuni kwa muguu. Hakusema njoo, na hakusema kaa hapo. Basi nikaketi ngambo ya duara, penye nyasi, nikafungua bukari yangu iliyopoa, nikala. Kibiriti kilikuwa mufukoni.